Adenomayosisi: hedhi nzito, maumivu yasiyoisha, na hatua za kufuata moja baada ya nyingine

Dada zangu naandika hii ndefu makusudi, isomeni taratibu, na kama wewe huna tatizo hili basi mtumie mdogo wako au wifi yako, maana karibu kila ukoo yupo mmoja ambaye kila mwezi analala kitandani siku mbili na watu washazoea kusema "fulani yuko kwenye siku zake". Kuna ugonjwa wa kizazi unaitwa adenomayosisi. Mwanamke anatokwa damu nyingi, kiuno kinataka kukatika, tumbo linajaa mpaka gauni halifungi, alafu akienda kulalamika anaambiwa ni chango, au U.T.I sugu (maambukizi ya njia ya mkojo), au P.I.D (maambukizi ya kizazi na mirija), anapewa antibayotiki anameza zote, mwezi unaofuata yale yale, anapewa tena. Mwingine anaambiwa "ukizaa itaisha" na anaambiwa hivo wakati ana watoto watatu tayari.

Mi ninachotaka ushike ni hiki: hali hii ina matibabu mengi sana kabla ya kufikia kutoa kizazi, na tiba inayokufaa wewe inategemea unataka nini, hasa upande wa mtoto, sio picha ya altrasaundi peke yake. Hatua zote hapa chini ni za kukufikisha kwa daktari ukiwa na ushahidi mkononi na ukijua unachokitaka.

Hatua ya 1: Elewa kinachotokea ndani

Kizazi ndani kina utando, ule unaojengeka kila mwezi alafu ukibomoka ndo hedhi. Nje ya utando kuna nyama nene ya misuli, ile inayominya wakati wa uchungu wa kuzaa. Kwenye adenomayosisi, chembe za ule utando zimeingia ndani ya nyama, na huko zilikoingia bado zinaitikia homoni ya estrojeni kila mwezi, zinavimba na kuchokoza nyama inayozizunguka. Nyama inanenepa, kizazi kinatanuka na kuwa cha duara, misuli inajikaza vibaya, ndo maana damu inakuwa nyingi na maumivu yanakuwa makali kuliko ya kawaida.

Watu wengi wanachanganya na fibroidi. Fibroidi ni uvimbe wenye mpaka wake, daktari anaweza kuupasua akautoa ukabaki mzima mkononi. Adenomayosisi ni kama mafuta yaliyokandwa kwenye unga wa chapati, huwezi kuyachambua tena uyaweke pembeni, na ndo sababu kubwa upasuaji wake ni mgumu. Endometriosisi nayo ni ndugu yake, ila hiyo chembe zinakuwa nje ya kizazi, kwenye vifuko vya mayai, kwenye mirija, nyuma ya kizazi. Na mwanamke mmoja anaweza kuwa nazo zote tatu, kwaiyo usishangae ukiambiwa una fibroidi ndogo na bado maumivu yako hayalingani na hiyo fibroidi.

Sio saratani, na sio ugonjwa wa kuambukizwa na mume. Inaonekana zaidi kwa wanawake wa miaka 35 hadi 50, waliozaa, waliojifungua kwa oparesheni au waliowahi kukwanguliwa kizazi, lakini mabinti wa miaka ya 20 nao wanakutwa nayo, hata ambao hawajazaa kabisa. Karibu theluthi moja ya walionayo hawana dalili yoyote. Na kwa kuwa inaishi kwa homoni, hedhi ikikoma ukubwani nayo kwa kawaida inatulia yenyewe. Nasikia watu wanasema ni ugonjwa wa siku hizi umeletwa na kuku wa kisasa na chipsi, hapana, daktari Rokitansky wa kule Vienna, Austria, aliuelezea tangu 1860, ila kwa miaka mingi ilikuwa haujulikani kwa uhakika mpaka kizazi kitolewe kipelekwe maabara, leo unaonekana kizazi kikiwa ndani.

Hatua ya 2: Andika, usitegemee kukumbuka

Hapa ndo wengi wanapoteza. Unakaa mbele ya daktari anauliza damu inatoka nyingi? unajibu "ndio nyingi", anaandika neno moja anaendelea. Nyingi ya nani sasa? Wewe uliyekuzwa na mama anayetokwa damu siku tisa unaweza kuona siku tisa ni kawaida kabisa.

Chukua daftari la kawaida au simu, kuanzia hedhi inayokuja andika kila siku mistari michache. Hivi:

"Jumanne, siku ya 2. Pedi 9, zimelowa zote. Mabonge 5, moja kubwa kuliko sarafu. Usiku nimeamka mara 3 kubadilisha, shuka imechafuka. Maumivu 9 kwa 10, yameshuka mpaka mapajani. Nimemeza ibuprofeni mara 2, ikatuliza kidogo. Sijaenda kazini."

Kama unatumia vitambaa hesabu vitambaa, ni sawa tu. Andika pia maumivu yanayokuja nje ya hedhi, maumivu wakati wa tendo la ndoa (najua ni aibu kusema, andika, daktari analihitaji hilo), na siku ya kwanza ya kila hedhi. Mizunguko miwili au mitatu inatosha, ila kama hali ni mbaya usisubiri ifike mitatu, nenda na ulichonacho.

Dalili kwamba damu yako imezidi: inapita siku 7, unajaza pedi ndani ya saa moja au mawili kwa masaa kadhaa mfululizo, unavaa pedi mbili kwa pamoja, mabonge makubwa yanatoka, unapanga safari na harusi kwa kuangalia tarehe zako. Vitabuni wanasema zaidi ya mililita 80 kwa hedhi moja ni nyingi, ila hakuna mtu anapima nyumbani, kipimo cha kweli ni jinsi inavyokuharibia maisha.

Na haya usiyaandike ukaenda kulala, haya ni ya kukimbilia hospitali siku hiyohiyo: unajaza pedi kila saa na unasikia kizunguzungu au umezimia, moyo unakwenda mbio ukiwa umekaa tu, homa kali pamoja na maumivu ya tumbo la chini, hedhi ilichelewa alafu yamekuja maumivu makali upande mmoja (hiyo inaweza kuwa mimba iliyotunga nje ya kizazi, inaua haraka), au damu inatoka wakati hedhi ilishakoma miaka iliyopita.

Hatua ya 3: Nenda kwa daktari wa wanawake, na useme hivi

Zahanati watakupima mimba na HB (kiwango cha damu), na hiyo ni mwanzo mzuri, lakini kwa tatizo hili omba rufaa umuone daktari bingwa wa wanawake. Kwa Tanzania anza hospitali ya wilaya au ya rufaa ya mkoa, na kesi ngumu zinapelekwa Muhimbili, KCMC Moshi, Bugando Mwanza, Mbeya, au Benjamin Mkapa Dodoma. Kenya unaanza hospitali ya kaunti. Kama una bima, fuata ngazi na ubebe karatasi ya rufaa maana bila hiyo unaweza kurudishwa getini na umeshakula nauli.

Ukiingia, baada ya salamu usianze kuzunguka. Sema: "Daktari, hedhi yangu inakwenda siku 9, siku ya pili na ya tatu natumia pedi 9, maumivu yananilaza, nishapewa dawa za P.I.D mara nyingi bila nafuu. Naomba tuangalie kama ni adenomayosisi, fibroidi au endometriosisi." Alafu mpe daftari. Mtu akija na maneno hayo na kurasa zake ni vigumu sana kumrudisha na Panadol.

P.I.D ipo kweli na inatakiwa itibiwe, usije ukakataa dawa kwa sababu umesoma hapa. Ila P.I.D huwa inakuja na uchafu usio wa kawaida, wakati mwingine homa, na maumivu hayafuati kalenda. Maumivu yanayokuja na hedhi na kuondoka na hedhi, mwaka wa tatu sasa, hayahitaji antibayotiki ya sita, yanahitaji mtu akuangalie kizazi.

Daktari atakubonyeza tumbo, na kama umeshaanza tendo la ndoa ataingiza vidole viwili ukeni huku mkono mwingine uko juu ya tumbo, anatafuta kizazi kilichotanuka, laini, kinachouma kikiguswa. Una haki ya kuomba nesi wa kike awepo ndani, na una haki ya kusema "daktari simama kidogo" ukiumia.

Hatua ya 4: Vipimo

Kipimo cha mimba kwanza, hata kama una uhakika. Kisha wingi wa damu, ile wanaita FBP, na kama inapatikana feritini, inayoonyesha akiba ya madini ya chuma mwilini. Kama hedhi imekuwa nzito tangu ulipovunja ungo, au ukijikata damu haikomi, au uking'olewa jino unatokwa damu siku nzima, mwambie daktari maana kuna magonjwa ya damu kutoganda ambayo yanajificha kwenye hedhi miaka na miaka.

Alafu altrasaundi. Hapa sikilizeni vizuri. Ile ya juu ya tumbo, unayokunywa maji mpaka kibofu kinataka kupasuka, inaona fibroidi kubwa vizuri lakini adenomayosisi mara nyingi inaipita. Inayotakiwa ni ya ndani, ya ukeni. Unakojoa kwanza, unalala umejifunika khanga yako, mpimaji anachukua kifaa chembamba anakivalisha kondomu, anapaka jeli, anakiingiza taratibu, ni dakika chache, unahisi kubanwa ila haitakiwi iwe maumivu makali. Binti ambaye hajaanza tendo la ndoa hafanyiwi hii, anafanyiwa ya tumboni, au ya njia ya haja kubwa akikubali, au MRI (mashine ya sumaku inayopiga picha za ndani ya mwili).

Wanachotafuta kwenye picha: kizazi kimekuwa cha duara, ukuta wa mbele na wa nyuma unene haulingani, vifuko vidogo vidogo vya maji ndani ya nyama, mistari ya vivuli inayokatiza, na mpaka kati ya utando na nyama haueleweki vizuri. Ripoti nyingi zinaishia kusema kizazi ni kikubwa basi, hakuna maelezo, ukipata ya hivo muulize daktari wako sababu ya ukubwa ni nini, na kama mpimaji aliangalia adenomayosisi. Inategemea sana jicho la anayepima. Ripoti ikisema kila kitu kiko sawa na wewe bado unalala chini kila mwezi, dalili zako hazijafutwa na karatasi hiyo.

MRI inaona vizuri zaidi, huwa wanapima ule ukanda kati ya utando na nyama, ukizidi milimita 12 inaelekea sana kwenye adenomayosisi. Ni ghali na sio lazima kwa kila mtu, inasaidia zaidi kama mnafikiria upasuaji au altrasaundi imeshindwa kutenganisha na fibroidi. Ukiwa na miaka 45 na kuendelea, au damu inatoka ovyo katikati ya mwezi, daktari atataka kuchukua kipande kidogo cha utando kipelekwe maabara ili saratani iondolewe kwenye mawazo. Na ukiwa hapohapo pima saratani ya shingo ya kizazi, ni kipimo kingine kabisa, wengi tunakikwepa.

Hatua ya 5: Pandisha damu kwanza, usisubiri majibu mengine

Hii naona inasahaulika kuliko zote na ndo inayowaumiza watu kimyakimya. HB ya mwanamke asiye mjamzito ikishuka chini ya 12 hiyo ni upungufu wa damu, chini ya 8 ni mkali. Mwanamke anatembea na HB 6 anapika, anafua, anauza dukani, anajiona mvivu tu! Ukiona unakula udongo, unatafuna mchele mbichi au barafu, wa Kenya mnakula odowa, hiyo tamaa mara nyingi ni mwili uliokosa madini ya chuma, na udongo wenyewe unazuia chuma kuingia kwaiyo unazidi kuzama.

Vidonge vya kawaida ni feri salfeti ya 200 mg, ndani yake chuma chenyewe ni kama 65 mg. Kimoja kwa siku kinatosha wengi, na kikikusumbua tumbo hata siku moja unameza siku moja unaruka inafanya kazi vizuri, mwili unakipokea. Meza na maji au juisi ya chungwa, sio chai, sio kahawa, sio maziwa, acha yapite masaa mawili. Na hii chai ya rangi tunayoshushia chakula kila mlo jamani, isogeze mbali na mlo angalau saa moja. Choo kitakuwa cheusi, usiogope. HB ikirudi kawaida endelea miezi 3 mbele ili akiba ijae, wengi wanaacha hapa na wanaporomoka tena hedhi mbili tu baadae. Kama una selimundu usianze vidonge vya chuma bila daktari. Kama vidonge vimekushinda au HB iko chini sana, kipo chuma cha kuwekewa kwa mshipa, na ikibidi utaongezwa damu.

Maini, nyama, dagaa, maharage, mboga za majani zilizokamuliwa limao, kula. Juisi ya rosela na bitiruti kunywa ukipenda, ila usikae na HB 7 ukasema unapandisha kwa juisi.

Hatua ya 6: Jibu swali moja kabla hujachagua dawa

Unataka mtoto? Sasa hivi, baadae, au umemaliza? Jijibu wewe kwanza, kabla ya mama mkwe na kabla ya daktari. Karibu kila dawa ya homoni inayotuliza adenomayosisi inazuia mimba wakati unaitumia, kwaiyo mtu anayetafuta mtoto na mtu aliyemaliza hawawezi kupewa karatasi moja ya dawa.

*Kama mtoto ni baadae au umemaliza*

Dawa za siku za hedhi tu: ibuprofeni 400 mg kila masaa 8 ukiwa umekula, au asidi ya mefenamiki 500 mg mara tatu. Siri yake ni kuanza mapema, ukisikia tu dalili au siku moja kabla kama mzunguko wako unaeleweka, ukisubiri maumivu yapande ndo umeze umeshachelewa. Zinapunguza na damu kidogo. Usichanganye na diklofenaki, ni familia moja hizo. Mwenye vidonda vya tumbo, shida ya figo, au pumu inayochokozwa na dawa hizi aongee na daktari kwanza. Kwa damu nyingi kuna asidi ya traneksamiki, gramu 1 mara tatu kwa siku, siku zile nzito tu, sio zaidi ya siku 4 au 5. Aliyewahi kupata damu kuganda mguuni au kwenye mapafu haimfai.

Kitanzi cha homoni. Kwa mtazamo wangu, kwa mwanamke ambaye hatafuti mtoto hivi karibuni hiki ndo cha kukiulizia kabla ya vingine vyote. Kinakaa ndani ya kizazi na kutoa homoni ya levonojestreli kidogokidogo, kinapunguza damu sana na maumivu yanashuka, na kinakaa miaka 5 au zaidi. Kinachojulikana zaidi ni Mirena. Lakini tafadhali, KITANZI CHA SHABA NI KINGINE. Cha shaba, kile ambacho vituo vingi vya uzazi wa mpango wanacho, hakina homoni na kinaweza kukuongezea damu na maumivu, kwaiyo kabla hujapanda kitandani uliza "ni cha shaba au cha homoni?" mpaka ujibiwe. Kama cha shaba unacho tayari na hedhi iliharibika tangu uwekewe, hilo nalo liseme.

Miezi 3 hadi 6 ya mwanzo kitanzi cha homoni kinaleta matone ya damu ovyoovyo, hapa ndo wanawake wengi wanakata tamaa wanakwenda kukitoa, vumilia kama ni matone tu. Kizazi kikiwa kikubwa sana kitanzi kinaweza pia kutoka chenyewe, kagua uzi wake.

Vidonge: dienojesti 2 mg kila siku bila kuruka inatuliza maumivu vizuri, ila usiitegemee kama uzazi wa mpango, tumia kondomu. Vidonge vya majira (vya uzazi wa mpango) vya homoni mbili unaweza kumeza mfululizo bila ile wiki ya kupumzika, hedhi zinapungua, lakini mwenye presha, mwenye kipandauso kinachoanza na mwanga machoni, anayevuta sigara na amevuka miaka 35, au aliyewahi kuganda damu, hapana. Sindano ya miezi mitatu nayo inasaidia baadhi. Kuna pia sindano kali zinazozima vifuko vya mayai kwa muda, kama goserelini, zinakupa jasho la ghafla na zikitumika muda mrefu zinadhoofisha mifupa, kwaiyo huwa ni miezi 3 hadi 6 kwa lengo maalum, na ukiacha dalili zinarudi.

Na lile swali ambalo kila mtu anauliza kwa kunong'ona: damu isipotoka inaenda wapi, si inajaa tumboni? Haijai. Homoni imezuia utando usijengeke, kwaiyo hakuna damu iliyosubiri kutoka.

*Kama unatafuta mtoto sasa*

Adenomayosisi inaweza kufanya mimba ichelewe kushika na inaongeza uwezekano wa kuharibika, lakini wapo wengi wanaobeba na kuzaa, usikubali mtu akufungie mlango kwa karatasi ya altrasaundi. Kama una miaka 35 au zaidi usijaribu zaidi ya miezi 6 bila kuonana na mtaalamu, chini ya hapo ni mwaka mmoja, na kama dalili ni kali nenda hata mapema. Mume naye apime mbegu. Mwanzoni kabisa, sio baada ya wewe kupimwa mirija, kukatwa na kumaliza akiba ya familia. Meza foliki asidi 400 mikrogramu kila siku tangu sasa. Kwa wanaokwenda kupandikiza mimba (IVF), daktari anaweza kutuliza kizazi kwanza kwa zile sindano. Dawa za maumivu za jamii ya ibuprofeni muulize daktari uzitumie vipi unapotafuta mimba, na ukishashika achana nazo. Ukianza kliniki ya wajawazito sema siku ya kwanza kwamba una adenomayosisi, wakufuatilie kwa karibu maana uchungu wa kabla ya wakati unaweza kutokea.

Hatua ya 7: Upasuaji, ukifikia huko

Kama imejikusanya sehemu moja, daktari mwenye uzoefu anaweza kukata ile sehemu tu na kushona. Ni kazi ngumu, damu inaweza kuwa nyingi, haiondoi kila chembe, na mimba ya baadae inabidi ifuatiliwe kwa makini kwa sababu kovu linaweza kuachia, wengi wanapangiwa kujifungua kwa oparesheni. Njia nyingine ni kuziba mishipa inayolisha kizazi, inafanywa na madaktari wa radiolojia kupitia mshipa wa paja au mkono bila kupasua tumbo, inasaidia wengi ila sio chaguo la kawaida kwa anayetaka kuzaa.

Kutoa kizazi ndo kunamaliza adenomayosisi moja kwa moja. Kwa mwanamke aliyemaliza kuzaa, dawa zimeshindwa na amechoka, ni uamuzi wa heshima kabisa, na sipendi kabisa maneno ya mitaani kwamba atabaki mtupu au mume ataona tofauti. Vifuko vya mayai vinaweza kuachwa, uliza hilo kwa maneno kabla ya kusaini, maana vikiachwa homoni zako zinaendelea na huingii ukomo wa hedhi siku ileile. Tendo la ndoa linarudi baada ya kupona, kawaida kuanzia wiki 6, na wengi wanalifurahia kuliko kipindi kile cha maumivu. Uliza pia shingo ya kizazi inatolewa au inabaki, ikibaki unaendelea kupima saratani, na uliza kizazi kilichotolewa kitapelekwa maabara au la, na majibu uyafuate.

Hatua ya 8: Nyumbani

Chupa ya maji ya moto tumboni inasaidia kweli, kutembea kidogo kunasaidia, kulala ukiwa umekunja magoti kunasaidia. Hakuna chakula kinachotibu adenomayosisi. Vile vidonge vya kuweka ukeni vya "kusafisha kizazi", mvuke, mizizi ya kuingiza, achana navyo, havifiki kwenye nyama ya kizazi na vinakuchubua ukuta wa uke mpaka upate maambukizi, alafu ndo unapata P.I.D ya ukweli. Mizizi ya kunywa kama unatumia mwambie daktari bila kuogopa kufokewa, baadhi zinaongeza damu kutoka au zinagongana na dawa.

Mwenzi wako mwambie. Sio "naumwa tumbo", mpe daftari asome ukurasa wa siku ya pili. Mwambie kuna siku tendo linauma na sio kwamba humtaki, na mwambie unachohitaji, kwamba siku hizo mbili maji achote yeye na watoto awaogeshe yeye.

Hatua ya 9: Rudi baada ya miezi 3

Dawa yoyote uliyoanza ipe miezi 3, kitanzi cha homoni kipe hadi 6, alafu rudi na daftari. Linganisha siku ya 2 ya zamani na ya sasa: pedi ngapi, maumivu ngapi kwa 10, HB imefika wapi, kazini umekosa mara ngapi. Pedi zikishuka kutoka 9 hadi 4 na HB imepanda, endelea. Hamna mabadiliko, mwambie daktari mbadilishe, usiache kimyakimya ukarudi kwenye chango. Na ukihama mkoa au ukabadilisha hospitali chukua nakala ya kila ripoti na zile picha za altrasaundi, ziweke kwenye bahasha moja na daftari lako, ili daktari mpya asianze na wewe kwenye U.T.I.